Mutisya na Mbuzi Aliyemla Akasahau

Baba yangu alikula mbuzi wa ntheo yangu mwezi wa pili. Alinawa mikono, akaomba, akawasindikiza wageni mpaka barabarani. Mwezi wa nne, mbele ya wageni walewale, akasema hajawahi kumwona mbuzi yeyote. Tangu siku hiyo nimetembea nikiongea peke yangu mara nyingi kuliko inavyompasa mtu mwenye akili timamu.

Kwa asiyejua, kwetu Ukambani ntheo ndiyo ndoa. Unaweza kwenda kanisani na gauni la kuburuza, unaweza kupewa cheti chenye mhuri, lakini kama watu wa mwanamume hawajaleta wale mbuzi nyumbani kwenu, mmoja akachinjwa na mkala pamoja, basi wewe bado ni binti wa baba yako tu. Na mwenye kusema kwamba imeliwa au haijaliwa ni baba. Sasa fikiria baba mwenyewe awe Mutisya.

Mutisya ni fundi wa matanki ya maji. Kuanzia Mbumbuni mpaka Kasikeu ni vigumu kupita maboma matano bila kukuta tanki lake limesimama kando ya nyumba, la mawe au la simiti na waya, yote ya mviringo usio na kasoro. Daftari hana. Vipimo viko kichwani na mikononi. Akifika kwenye tanki alilolijenga miaka kumi na tano iliyopita hulizunguka akiligonga kwa kifundo cha kidole, halafu humwambia mwenye boma, "Hapa kuna ufa unakuja." Na ufa huja. Ni mbishi vilevile. Kuna Jumapili alisimama katikati ya mahubiri kumweleza mchungaji kwamba mfereji wa paa la kanisa umepewa mteremko wa kijinga. Mchungaji alipomwomba akae, alikaa, akangoja sala iishe, akasimama tena.

Kwa hiyo mtu wa aina hiyo anapoanza kusahau, hakuna anayemwamini kwamba amesahau.

Ilianza na Ndululu. Ndululu alimchanganyia Baba simiti kwa miaka thelathini, na alipofariki Baba ndiye aliyemjengea kaburi, akabeba jeneza upande wa mbele, akatupa mchanga. Wiki tano baadaye akatoka nje asubuhi na mwiko mkononi akaniambia, "Mtumie Ndululu ujumbe, aje na koleo mbili." Mama, ambaye jina lake ni Nzisa na si mtu wa kushtuka, aliangusha sufuria. Ilibidi tumwambie upya. Akalia upya, kama mtu aliyepigiwa simu dakika hiyo. Miezi miwili ikapita, akauliza tena, na baadaye tena. Mara ya kwanza nililia naye. Mara ya pili nililia kidogo. Mara ya tatu, Mungu anisamehe, nilikasirika.

Kilichonikasirisha zaidi ni kwamba ya jana aliyajua yote. Ukimwuliza jana alikula nini, nani alipita, mbuzi gani alikohoa, anakujibu bila kupepesa. Mkilumbana leo juu ya jambo, kesho anakuja na neno ulilolikosea. Lakini liache jambo hilohilo mwezi mmoja, halafu ulitaje. Anakukodolea macho kana kwamba umehamia jana.

"Anajifanya," Ndolo akasema. Ndolo ni mdogo wake Baba, mtu wa kutoa uamuzi kabla ya kusikiliza. "Mtu hawezi kukumbuka ya jana asahau ya mwezi jana. Hiyo ni ujanja ya uzee."

Basi mwezi wa nne wakaja watu wa Migwani. Mchumba wangu, Munyao, ana duka la dawa za mifugo huko, na msemaji wa ukoo wao ni mjomba wake, Mzee Kyule, mwenye kofia ya kitambaa ambayo haivui akiwa ndani ila akitaka kusali. Walikuwa wamekuja kupanga harusi ya kanisa mwezi wa nane. Chai ikamiminwa. Mzee Kyule akasafisha koo.

"Sasa Mutisya, tupange siku ya kanisa."

"Kanisa?" Baba akauliza. "Haraka ni ya nini? Kwanza leteni ntheo."

Mama akaanza kucheka, akidhani ni mzaha. Kisha akamtazama usoni akaacha.

"Tulileta," Mzee Kyule akasema polepole. "Mbuzi tatu. Ile nyeupe wewe mwenyewe ndio ulisema ichinjwe."

"Mzee Kyule, mimi nakuheshimu. Lakini ntheo ya msichana wangu sio kitu naweza kusahau. Ningejua."

Hakuwa na hila hata moja usoni. Nilimwonyesha picha kwenye simu yangu: yeye huyu, na mfupa mkononi, Mzee Kyule kando yake, mimi nyuma nimesimama na jagi la maji. Akaisogeza simu mbali na macho, akaileta karibu. "Shati ni yangu," akakiri. "Lakini siku hizi simu inaweza kumchora mtu mahali hajafika."

Mzee Kyule akasimama. Chai yake alikuwa hajaigusa. Jioni Munyao akanipigia na ujumbe wa mjomba wake: Mutisya anataka kula ntheo mara mbili. Mpaka aje Migwani aseme kwa kinywa chake mwenyewe kwamba aliipokea, wao hawana wakwe Mbumbuni, na harusi haipo. Munyao aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayemsomea mwingine barua. Nikamuuliza, na wewe je? Akasema, "Yvonne, mimi niko, lakini siwezi kuoa bila wao." Nilimkatia simu. Ningefanya nini kingine?

Ndolo akaja na mpango: tumpeleke Baba kwa daktari, apimwe kumbukumbu. Nikaona mara hii amesema la maana. Kumbe sikuujua mpango wote. Ukoo unaotafuta wakwe huulizia habari za magonjwa ya kichwa, kwa hiyo Ndolo na Mama walikubaliana kwamba daktari asije akaona aibu yoyote. Siku mbili nzima walimkalisha Baba chini wakamfundisha. Mbuzi walikuwa wangapi? Watatu. Rangi? Mweupe, mweusi, na wa madoa. Waliletwa lini? Nani alisali? Rais ni nani, leo ni tarehe ngapi, mjukuu wa Ndolo anaitwaje? Wakamfundisha kama mtoto wa darasa la kwanza, nami ninafundisha chekechea, najua kazi hiyo ilivyo. Mimi nilikuwa shuleni Kasikeu wakati huo. Ningekuwepo ningewafukuza na ufagio.

Na kwa kuwa ya jana anayajua, Baba alifaulu. Daktari alipomuuliza maneno matano akayataja matano. Alipomuuliza habari za karibuni, Baba akammwagia ntheo yote, mbuzi na rangi zao, mpaka daktari akacheka akasema, "Mzee, uko sawa kuliko mimi." Akaandika barua kwamba Mutisya ana akili timamu na kumbukumbu nzuri kwa umri wake.

Ndolo akaichukua ile barua akaipeleka Migwani mwenyewe, kwa furaha, bila kumuuliza mtu.

Mzee Kyule akaisoma yote. "Kwa hivyo hana ugonjwa," akasema. "Basi anatudanganya na akili yake yote." Akaikunja barua akaiweka ndani ya kofia. Hapo ndipo tulipofika kwa msaada wa ndugu.

Sikuongea na Ndolo wiki mbili. Mwishoni mwa mwezi wa tano nilikuja nyumbani Jumamosi, nikamkuta Baba anakoroga simiti, nikamuuliza kwa ukali tu, kwa kuwa nilikuwa na hasira, "Baba, mbuzi wangu walikuwa rangi gani?"

"Mbuzi gani?"

"Uliomwambia daktari."

"Daktari gani?"

Nilikuwa karibu kulia, halafu nikashtuka. Hakuwa amesahau ntheo peke yake. Alikuwa amesahau na masomo ya Ndolo, na safari, na daktari mwenyewe. Mambo yote aliyoyajua vizuri sana siku ile. Nikahesabu kwa vidole: Ndululu, wiki tano. Ntheo, wiki saba au nane. Daktari, tano. Kila kitu kinaingia, kinakaa siku kadhaa kimenyooka, halafu kinaondoka. Mtu anayejifanya hana mpangilio wa namna hiyo.

Nikamuuliza Mama kama kuna kingine. "Hakuna," akasema. Kisha, "Labda vile anakula usingizini."

"Anakula nini?"

"Anatafuna hewa. Anapiga midomo, anavuta blanketi kidogo, anatulia. Mimi husema ni nyama anaota."

"Tangu lini?"

"Aiya, miaka miwili hivi. Wewe nawe, mtu akiota nyama ni ugonjwa?"

Na mchana je? Mchana, Mama akasema, kuna wakati mwiko unasimama hewani, yeye anatazama ukuta, halafu anaendelea. Wote tulidhani anapima kwa jicho. Miaka miwili! Nyumba nzima ya watu wazima, na mimi mmoja wao.

Nikayapeleka hayo yote kwa mhudumu wa zahanati yetu. Akasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sikuwa nimelizoea, akatuandikia twende Kitui, kwenye kliniki yenye mashine ya kusoma mawimbi ya ubongo. Masharti yalikuwa mawili: mgonjwa asilale usiku wa kuamkia siku hiyo, na nywele zisiwe na mafuta.

La kwanza Mama alilitimiza kwa kumpukuchulisha Baba gunia zima la mahindi mpaka alfajiri. La pili alilisikia vizuri, akakubali kwa kichwa, na asubuhi akampaka Baba mafuta ya nywele mpaka kichwa kikang'aa. "Nimpeleke Kitui na kichwa ya vumbi?" akaniuliza. "Watu waseme hana bibi?"

Aliyetupokea ni Nusaiba, msichana wa pale mjini Kitui aliyejitanda mtandio wa kijani, mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu sote. Alikishika kichwa cha Baba, akakitazama kiganja chake, akamtazama Mama. Alimwosha Baba nywele mara mbili kwa sabuni, akamkausha, akambandika nyaya ishirini na kitu kichwani. Baba akaanza kumuuliza kila waya unaenda wapi na kwa nini huu mmoja umelegea.

"Mzee wangu, sasa tafadhali lala."

"Mchana hivi? Mbele ya watu?"

Alikuwa bado anabisha usingizi ulipomchukua. Nusaiba akaniruhusu nitazame kioo cha kompyuta. Mistari iliyokuwa imebanana ikaanza kutanuka, ikawa mawimbi makubwa, mazito, yanayopanda na kushuka taratibu. "Huo ndio usingizi mzito," akaninong'oneza. "Usidhani ubongo umepumzika hapo. Ndipo unapoyarudia ya mchana." Nikatazama mawimbi ya mtu aliyenisumbua mwaka mzima, na kwa mara ya kwanza yalikuwa yametulia. Halafu upande wa kushoto mistari ikaruka, mikali, yenye ncha, tena na tena, ikiyavunja yale mawimbi katikati. Nikageuka kumtazama Baba. Alikuwa anatafuna hewa.

Daktari wa pale alitueleza baadaye. Ni kifafa, kile kisichomwangusha mtu. Mambo ya mchana, alisema, huwekwa kwanza mahali padogo ndani ya ubongo, kwa muda tu. Mtu akilala, yale mawimbi ya polepole, na mengine madogo ya haraka yanayopanda juu yake, huyarudiarudia na kuyahamishia mahali pa kudumu. Kwa Mutisya, cheche za umeme zinaingilia kazi hiyo kila usiku. Kwa hiyo leo anakumbuka, kesho anakumbuka, na mwezi ujao hakuna kitu.

Baba akakunja uso. "Ni plasta," akasema.

"Vipi, mzee?"

"Ukipiga plasta, kesho yake ukigonga inalia vizuri. Mwenye boma anafurahi. Lakini haijakomaa. Lazima umwagie maji kila siku, wiki na wiki, pole pole. Usipomwagia, mwezi ukiisha inabambuka. Kwa hivyo mimi usiku simwagiliwi vizuri."

Daktari akasema hajawahi kusikia ikielezwa vizuri hivyo, na Baba akafura kichwa. Alijisifu nayo njia yote ya kurudi, kwangu, kwa Mama, kwa mtu wa kiti cha nyuma. Mimi nilikuwa nimemuuliza daktari swali moja kabla hatujatoka: dawa itamrudishia mwezi wa pili? Akasema hapana. Dawa inaweza kuzuia mapya yasipotee. Ambayo hayakushika hayapo popote, hakuna mahali pa kuyatoa.

Kwa hiyo baba yangu hataikumbuka ntheo yangu maisha yake yote. Na Mzee Kyule alitaka kinywa hichohicho kiseme kwamba aliipokea.

Siku tisa baada ya kuanza dawa tulikwenda Migwani. Nakiri: njiani mimi ndiye niliyemfundisha. Mimi niliyetaka kumfukuza Ndolo na ufagio. "Baba, sema tu unakumbuka. Maneno mawili. Nakumbuka, nilipokea. Basi." Mama akaongezea, "Na usitaje hiyo ugonjwa. Ukiitaja Yvonne ataolewa na nani?" Baba akaitikia kila kitu. "Sawa. Sawa. Nimesikia." Alikuwa mpole mno, nami ningepaswa kujua.

Watu wa Munyao walikuwa wamejaa ua mzima. Mzee Kyule hakutupa mkono. "Mutisya," akasema, "ulipokea ntheo ya mtoto wetu, ama hukupokea?"

Baba akasimama. "Mimi sikumbuki," akasema.

Nikafumba macho. Mama akanishika goti akalibana mpaka likauma.

"Sikumbuki, na daktari amesema sitakumbuka. Niko na kifafa, ile haiangushi mtu. Inakula vitu zangu nikilala. Hawa wangu wameniambia njiani niseme nakumbuka. Lakini nikisema hivyo nitakuwa nimeozesha msichana wangu na uongo, na siku moja mtanishika. Sasa sikiza. Huyu Yvonne ananigombeza tangu azaliwe. Hajawahi kunipaka asali hata siku moja, mama yake anajua. Yeye amesema nilikula. Basi nilikula. Mimi nimemwamini yeye kuliko kichwa yangu. Kama kuna siku nitasahau hata hii ya leo, msiniulize mimi. Mumuulize yeye."

Akakaa. Munyao alikuwa anatazama viatu vyake, nami nilikuwa nimeshaanza kujitayarisha kusimama na kuondoka, kwa sababu lile neno lilikuwa limetajwa mbele ya watu wote.

Mzee Kyule akavua kofia, na hakusali. Akaiweka magotini.

"Dada yangu Mbinya alikuwa nayo," akasema. "Ile ya kuanguka. Wageni wakija tunamfungia jikoni. Mpaka akafa hatukuwahi kuitaja mbele ya wakwe, hata mmoja." Akamgeukia mke wake. "Mama, leteni chai. Ntheo ililiwa."

Tulifunga harusi mwisho wa mwezi wa nane. Baba alinishika mkono mpaka mbele ya kanisa, akanirekebishia hatua, eti nakwenda mbio.

Baada ya hapo nilihesabu wiki kimyakimya. Dawa alikuwa amezidishiwa mara mbili. Wiki ya tano ikapita, ya sita ikapita, na sikuthubutu kumuuliza kama anaikumbuka harusi. Mama naye hakuthubutu. Kila nilipompigia Baba nilimwongelesha habari za mvua.

Wiki ya saba, Jumamosi asubuhi, akapiga mwenyewe. Hakusalimia.

"Yvonne, ile suti ya bwana yako ilimbana kwapa. Asirudi kwa huyo fundi."

"Suti gani, Baba?"

"Ya harusi. Kwani alivaa ngapi? Na yule kijana wa kipaza sauti, nilimwonyesha waya imelegea akajifanya hanisikii. Kelele yote ile ilikuwa ya bure."

Nilikaa chini pale dukani kwa Munyao, juu ya gunia la chakula cha ng'ombe, nikalia mpaka mteja akatoka.

"Sasa unalia nini? Suti si yako." Kisha akasema, "Lakini kuna kitu nashindwa. Mama yako ananiambia Kyule alikuwa amekataa kabisa. Nani alimtuliza?"

Siku ile ya Migwani dawa ilikuwa ya siku tisa tu. Haikuwa imeshika.

Nikamweleza yote, neno kwa neno. Alinikatiza mara tatu. Mimi? Mbele ya wakwe? Nikataja ugonjwa? Nilipofika mwisho akaguna. "Hapana," akasema. "Hayo ni maneno ya mtu mwingine. Mimi siwezi kuongea hivyo. Umeongeza chumvi." Tukabishana mpaka salio likaisha.

Ndiyo maana nimekaa chini nikaandika haya, na chumvi sikuongeza. Jumapili nitampelekea ayasome. Najua atabisha habari ya mfereji wa kanisa, na atasema mbuzi wa madoa hakuwa wa madoa. Abishe. Nitakaa kando yake nimzuie asiondoke kabla hajafika Migwani, kwa sababu mtu aliyesimama katika ule ua siku ile, nataka Baba amjue.